SOMO: Kuichambua namba 3,085,625 kwa daftari na kalamu, mwanzo mpaka mwisho

Nimechoka kujibu swali moja kwa sura kumi. Mtu anabandika namba ndefu anauliza inagawanyika kwa ngapi. Wa pili anauliza kama ni tasa. Wa tatu anataka vigawo vyote kabla ya saa sita mchana. Na wote wameshika kikokotoo kabla ya kushika kalamu. Basi somo ni hili hapa. Atakayeuliza tena nitamtajia hatua tu, aende akasome.

Namba yetu ni 3,085,625, idadi ya watu wa Mkoa wa Dodoma kwa Sensa ya Watu na Makazi ya 2022. Namba ya kitabuni nimeikwepa makusudi, kwa kuwa ile imepikwa ili itoke vizuri. Hii imepatikana kwa makarani kupita kaya kwa kaya, hakuna aliyeipanga, na bado ina mambo ambayo usingeyadhania kwa kuitazama.

Mahitaji: daftari la miraba, kalamu, na orodha ya namba tasa mpaka 70. Orodha yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47, 53, 59, 61, 67. Kikokotoo ni cha kuhakiki, si cha kufikiria.

HATUA YA 1. Andika namba kwa makundi ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia: 3 | 085 | 625. Usiiache ile sifuri ya 085.

HATUA YA 2. Majaribio ya haraka. Ni witiri, kwa hiyo 2 na vigawe vyake vyote nje. Jumla ya tarakimu ni 3+0+8+5+6+2+5 = 29, haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo 3 na 9 nje. Kwa 7, 11 na 13 usifanye majaribio matatu, fanya moja: chukua kundi la kulia, toa la kati, jumlisha la kushoto. 625 − 85 + 3 = 543. Kwa kuwa 7×11×13 = 1001, baki utakayopata kwenye 543 ndiyo baki ya namba yote. Kwa 7 ni 4, kwa 11 ni 4, kwa 13 ni 10. Zote tatu nje. (Mkoa una wilaya 7, kwa hiyo msijisumbue kutaka kuwagawa watu sawasawa. Kwa halmashauri 8 anabaki mmoja.)

HATUA YA 3. Ondoa tano zote. Kugawa kwa 5 ni kuzidisha kwa 2 kisha kufuta sifuri ya mwisho. 3,085,625 inakuwa 617,125, kisha 123,425, kisha 24,685, kisha 4,937. Hapo tano zimekwisha, maana 4,937 inaishia na 7. Mwenye haraka azidishe mara moja kwa 16 na kufuta sifuri nne: 3,085,625 × 16 = 49,370,000. Tumepata 5⁴ × 4,937, yaani 625 × 4,937.

HATUA YA 4. Je, 4,937 ni tasa? Hapa ndipo watu wanapozama, kwa hiyo someni taratibu.

Tafuta kwanza pa kuishia. 70² = 4,900 na 71² = 5,041, kwa hiyo kipeuo cha pili cha 4,937 kipo kati ya 70 na 71. Namba ikivunjika kuwa zao la namba mbili, ndogo kati ya hizo haiwezi kuzidi kipeuo cha pili, la sivyo zao lingeipita namba yenyewe. Basi mwisho ni 67, tasa ya mwisho kabla ya 70. Angalia vizuri: kipeuo ni cha 4,937, namba iliyobaki mkononi. Si cha 3,085,625. Anayetumia namba ya mwanzo anajitwisha tasa zaidi ya mia mbili bure.

Pili, usirudie kazi. 2, 3, 7, 11 na 13 tulizikataa kwenye hatua ya 2. Kama 4,937 ingegawanyika kwa mojawapo, namba yote ingegawanyika pia. 5 tumeshaimaliza. Zimebaki tasa 13, kuanzia 17. Baki zake hizi hapa, na wewe zifanye mwenyewe ndipo ulinganishe:

17 baki 7
19 baki 16
23 baki 15
29 baki 7
31 baki 8
37 baki 16
41 baki 17
43 baki 35
47 baki 2
53 baki 8
59 baki 40
61 baki 57
67 baki 46

Hakuna iliyotoa sifuri. 4,937 ni tasa.

Sasa tahadhari. Usiishie kwenye 31 kwa sababu "mpaka hapa ingekuwa imeshaonekana". Namba 4,757 ingekudanganya hivyohivyo: ni 67×71, haionyeshi chochote mpaka tasa ya mwisho kabisa. Usiingize 49, 51 wala 57 kwenye orodha ukidhani ni tasa. 51 ni 3×17, 57 ni 3×19, na zilishakataliwa pamoja na 3. Usisome desimali za kikokotoo ukaziita baki. 4,937 ÷ 47 inatoa 105.04 na kitu, mwenye haraka anaona 105 anatangaza ushindi, kumbe 47×105 ni 4,935 na imekosa kwa 2. Baki yako ikiwa kubwa kuliko kigawanyo, umekosea kugawa, rudia. Kwa tasa kubwa tumia tarakimu ya mwisho: ili 59 iizae 4,937 lazima izidishwe na namba inayoishia na 3. 59×83 = 4,897, na 59×93 inapita mbali. Basi 59 imekwisha, hukuhitaji hata kugawa.

HATUA YA 5. Vigawo. Vipeo ni 4 na 1. Ongeza 1 kwa kila kimoja, zidisha: 5×2 = 10. Ni 1, 5, 25, 125, 625, 4,937, 24,685, 123,425, 617,125 na 3,085,625. Jumla yao ni (1+5+25+125+625) × (1+4,937) = 781 × 4,938 = 3,856,578. Ukiitoa namba yenyewe inabaki 770,953, chini sana ya namba yetu, kwa hiyo vigawo vyake haviifikii. Namba kuanzia 1 mpaka 3,085,625 zisizoshirikiana nayo kigawo chochote zaidi ya 1 ni 500 × 4,936 = 2,468,000. Hiyo 2-4-6-8 haina maana yoyote, ila inapendeza.

HATUA YA 6. Jumla ya vipeo vya pili viwili. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo inayoharibiwa kuliko zote.

Swali: je, kuna namba nzima mbili ambazo kipeo cha pili cha moja ukijumlisha na cha nyingine unapata 3,085,625? Kwanza uhakika wa kwamba zipo. Tazama baki ya kila kigawo tasa ukigawa kwa 4. 5 inabakiza 1. 4,937 inabakiza 1 (tazama 37 tu, mamia yote yanagawanyika kwa 4). Hakuna tasa yenye baki 3, kwa hiyo zipo. Tena zipo kwa njia nyingi: zidisha (4+1)(1+1) = 10, gawa kwa 2. Njia tano, si zaidi wala pungufu.

Anza na 4,937 peke yake. Toa vipeo vya pili kutoka 70² kushuka na utazame kinachobaki kama nacho ni kipeo cha pili:

4,937 − 70² = 37
4,937 − 69² = 176
4,937 − 68² = 313
4,937 − 67² = 448
4,937 − 66² = 581
4,937 − 65² = 712
4,937 − 64² = 841

841 ni 29². Basi 4,937 = 64² + 29², na kwa kuwa ni tasa hakuna njia nyingine. Huna haja ya kukokotoa kila kipeo upya. Baada ya 37 unaongeza 139, kisha 137, kisha 135, unashuka kwa mbili mbili. Na kipeo cha pili hakiishii na 2, 3, 7 wala 8, kwa hiyo 37, 313, 448 na 712 unazipiga mstari bila kuwaza. Zinabaki 176 (ipo kati ya 169 na 196), 581 (ipo kati ya 576 na 625) na 841.

Kisha 625: ni 25² + 0², 24² + 7², na 20² + 15².

Sasa kuunganisha. Kanuni aliijua Brahmagupta wa India tangu karne ya 7: jozi (a, b) na jozi (c, d) zinazaa majibu mawili,

(ac − bd)² + (ad + bc)²
(ac + bd)² + (ad − bc)²

Kwa (24, 7) na (64, 29), kokotoa kwanza mazao manne na uyaandike pembeni: ac = 1,536, bd = 203, ad = 696, bc = 448. Jibu la kwanza: 1,536 − 203 = 1,333 na 696 + 448 = 1,144. Jibu la pili: 1,536 + 203 = 1,739 na 696 − 448 = 248.

TAHADHARI: kwenye jibu moja, upande mmoja ni kutoa na mwingine ni kujumlisha. Ukijumlisha pande zote mbili unapata 1,739 na 1,144, vipeo vyake vinafika 4,332,857, na huo si mkoa wa Dodoma. Kosa la pili ni kuchanganya ac na bc, yaani kuzidisha 24 kwa 64 halafu 7 kwa 64 na kutoa moja kwenye nyingine. ac inakaa na bd, ad inakaa na bc, hazivuki. Hakiki haraka kwa tarakimu ya mwisho kabla ya kuhakiki yote: 1,333² inaishia na 9, 1,144² inaishia na 6, 9+6 = 15, inaishia na 5, sawa. Ile jozi mbovu ya 1,739 na 1,144 inatoa 1+6 = 7, inaumbuka papo hapo. Lakini tarakimu ya mwisho ikikubali usitangaze, maliza kuhakiki.

Njia tano zote:

1,600² + 725² (kutoka 25 na 0)
1,739² + 248² (kutoka 24 na 7)
1,333² + 1,144² (kutoka 24 na 7)
1,715² + 380² (kutoka 20 na 15)
1,540² + 845² (kutoka 20 na 15)

Jozi ya (25, 0) inatoa njia moja tu, kwa kuwa kujumlisha sifuri na kutoa sifuri ni kitu kilekile. Ndiyo maana ni tano, si sita.

HATUA YA 7. Kwa wanaopenda kuchora: duara lenye kitovu kwenye (0, 0) na nusu kipenyo ambacho kipeo chake cha pili ni 3,085,625 linapita kwenye nukta 40 za namba kamili, 8 kwa kila njia ukibadilishana nafasi na alama za kujumlisha na kutoa. Na ukiandika namba hii kwa kuhesabu tano tano badala ya kumi kumi, inakuwa 1242220000. Sifuri nne za mwisho ni zile tano nne za hatua ya 3.

Maswali hapa chini. Someni kwanza.

MASWALI

Kijana_wa_Kongwa: Mkuu somo refu sana. Niambie tu hiyo namba ni tasa au si tasa, nina haraka.

Jibu: Inaishia na 5. Hatua ya 3.

Zabibu_Kavu: Kikokotoo kinanipa kipeuo cha pili 1756.59. Kwa hiyo najaribu tasa zote mpaka 1756?

Jibu: Hatua ya 4, aya ya pili. Ukishaondoa tano, unatafuta kipeuo cha kilichobaki. Kila ukipata kigawo, mpaka unasogea karibu. Ungebaki na 1756 kama usingepata kigawo hata kimoja njiani.

Nzuguni_Kwetu: Umekosea. Orodha yako imeruka 49, 51 na 57. Na 4937 kwa macho tu inaanza na 49, 49 ni ya 7, kwa hiyo 7 inaingia.

Jibu: Hazikurukwa, zimeelezwa kwenye tahadhari. Na 4,937 ni 4,900 + 37. 4,900 inagawanyika kwa 7, 37 haigawanyiki, mwisho wa habari: baki 2. Tarakimu za mwanzo hazikuambii kitu mpaka ushughulikie za mwisho. Ukileta neno "umekosea" hapa, lete na hesabu yake.

Nzuguni_Kwetu: Sawa mwalimu, usikasirike.

Jibu: Sijakasirika. Fanya 17 mpaka 67, uweke baki zako hapa.

Mwaka_wa_Kwanza: Shikamoo mwalimu. Nimefuata mpaka hatua ya 5 bila shida. Hatua ya 6 naweza kuifanya, ila sielewi kwa nini 4 ndiyo inayoamua. Kwa nini si 3 au 5?

Jibu: Marahaba. Swali zuri, tulia nikueleze. Namba shufwa ukiipandisha kipeo cha pili, jibu linagawanyika kwa 4, baki 0. Witiri ni 2k+1, na (2k+1)² = 4k(k+1) + 1, baki 1 daima. Kwa hiyo kila kipeo cha pili hapa duniani kinabakiza 0 au 1 kwa 4. Jumlisha viwili: unapata baki 0, 1 au 2. Baki 3 haifikiki hata ukeshe. Hiyo ndiyo nusu rahisi, namba yenye baki 3 haiwezi kabisa.

Nusu ngumu ni kwamba kila namba tasa yenye baki 1 inaweza, na kwa njia moja tu. Fermat aliitaja kwenye barua yake kwa Mersenne ya tarehe 25 Desemba 1640, uthibitisho kamili ukaja kutoka kwa Euler takriban miaka mia moja baadaye. Kwa namba isiyo tasa angalizo ni hili: kila tasa yenye baki 3 lazima ijitokeze kwa idadi shufwa. 45 ina 3 mara mbili, na 45 = 6² + 3². 21 yenyewe inabakiza 1 kwa 4, lakini ni 3×7, zote mbili za baki 3 na kila moja imekuja peke yake. Jaribu: 21−1 = 20, 21−4 = 17, 21−9 = 12, 21−16 = 5. Hakuna. Kwa hiyo usitazame baki ya namba yote, tazama ya vigawo tasa vyake.

Binti_Mpwapwa: Mbukwenyi wote. Mwalimu, nimejaribu kwa idadi ya Tanzania nzima ya sensa ileile, 61,741,120. Nimepata 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641. Kwa maelezo hayo ya 7 na 43, haiwezekani kuwa jumla ya vipeo viwili. Nimepatia?

Jibu: Umepatia yote, dada, na umeonyesha kazi. 7 inabakiza 3, 43 inabakiza 3, kila moja imekuja mara moja. Haiwezekani. Vigawo vyake ni 7×2×2×2×2 = 112. Mkoa una 10, nchi ina 112.

Halafu hiyo 641 uliyoipata si ya kawaida. Fermat aliamini kwamba 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, ni tasa. Mwaka 1732 Euler alionyesha ni 641 × 6,700,417. Kigawo chake kidogo ndicho hicho kilichomo kwenye idadi ya Watanzania wa 2022. Ni sadfa tupu, lakini sadfa nzuri.

Binti_Mpwapwa: Asante. Na tarakimu nne za mwanzo ni 6174! Si ile ya kupanga tarakimu?

Jibu: Ndiyo hiyo. Ya Kaprekar, mwalimu wa shule wa India. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne zisizofanana zote, zipange kutoka kubwa kwenda ndogo, toa mpangilio wa kinyume, rudia. Hatua hazizidi saba unafika 6174 na hutoki: 7641 − 1467 = 6174. Sifuri zihesabu kama tarakimu. Ukipata 999 iandike 0999, la sivyo inakwama.

Changombe_Juu: Yote haya faida yake nini? Huwezi kununua hata kilo ya unga.

Jibu: Huu si uzi wa unga.

Kaka_wa_Bahi: Kwa wasiotaka kugawa kwa mkono, Excel inatoa baki: andika =MOD(4937,59) inakupa 40. Buruta chini kwa orodha yote ya tasa.

Jibu: Sawa, kwa kuhakiki. Weka orodha ya tasa kwenye safu A na uandike =MOD(4937,A1), la sivyo ukiburuta utapata 40 mpaka chini na utadhani umegundua jambo.

Mwaka_wa_Kwanza: Mwalimu samahani kurudi tena. Kama namba ina njia zaidi ya moja, je, njia hizo zinaweza kurudisha vigawo? Yaani nikianza na 1,739² + 248² na 1,715² + 380² bila kujua kitu kingine?

Jibu: Usiombe samahani kwa swali kama hilo. Inawezekana, na ni njia ya Euler. Panga witiri kwa witiri na shufwa kwa shufwa. Witiri: tofauti 1,739 − 1,715 = 24, jumla 3,454. Shufwa: tofauti 380 − 248 = 132, jumla 628. Hakiki kwanza: 24 × 3,454 = 82,896 na 132 × 628 = 82,896. Lazima zilingane, maana ni mlinganyo uleule umehamishwa pande. Zisipolingana jozi zako ni mbovu.

Tafuta KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya tofauti mbili: 24 na 132, ni 12. KKS ya jumla mbili: 3,454 na 628, ni 314. Chukua nusu ya kila moja: 6 na 157. Sasa 6² + 157² = 36 + 24,649 = 24,685. Gawa: 3,085,625 ÷ 24,685 = 125. Umevunja namba bila kujaribu tasa hata moja. Ndiyo maana namba yenye njia mbili haiwezi kuwa tasa. Rudia na jozi nyingine za ile orodha uone vigawo gani vinatoka.

Mzee_wa_Kondoa: Mimi nimerudi nyuma sensa ya 2012. Mkoa ulikuwa 2,083,588. Natoa 2² × 13 × 17 × 2,357. Hiyo 2,357 nimeshindwa kuamini, ni tasa nne za kwanza zimepangwa mstari. Nihakikishie.

Jibu: Ni tasa, mzee wangu. Kipeuo chake kipo kati ya 48 na 49, mwisho ni 47. Zinazokaribia kuingia ni 19 na 31, zote baki 1. Na zote tatu, 13, 17 na 2,357, zinabakiza 1 kwa 4, kwa hiyo nayo ni jumla ya vipeo viwili: 2×2×2 = 8, nusu yake njia nne. Ile 2² haiongezi njia, inazidisha tu kila upande kwa 2. Malighafi: 13×17 = 221 = 14² + 5² = 11² + 10², na 2,357 = 41² + 26².

Mzee_wa_Kondoa: Nimezipata. 1,138 na 888. 1,408 na 318. 1,392 na 382. 1,422 na 248. Lakini mwalimu, 248 imo pia kwenye orodha yako ya 2022!

Jibu: Nimeangalia mara mbili. 1,422² + 248² = 2,022,084 + 61,504 = 2,083,588. Na 2022 ni 1,739² + 248². Sadfa, na sikuwa nimeiona. Ina matunda lakini: ukitoa, 248² zinafutana, na ongezeko la watu la miaka kumi linabaki 1,739² − 1,422², yaani (1,739 − 1,422)(1,739 + 1,422) = 317 × 3,161 = 1,002,037. Ongezeko limevunjika lenyewe. 317 ni tasa.

Binti_Mpwapwa: Na 3,161?

Jibu: Kipeuo chake kipo kati ya 56 na 57, kwa hiyo mwisho ni 53. Makundi ni 161 − 3 = 158, baki kwa 7 ni 4, kwa 11 ni 4, kwa 13 ni 2. Endelea kutoka 17.

Binti_Mpwapwa: 17 baki 16, 19 baki 7, 23 baki 10, 29 baki 0. Ni 29 × 109.

Jibu: Sawa. 109 ni tasa, kipeuo chake ni 10 na kitu, 2, 3, 5 na 7 hazimo.